Mashine Ikitoka kwa Fundi na Ugonjwa Mpya



Juma lililopita tulizungumza habari za cherehani inayokata uzi mara tu baada ya kusafishwa. Leo nataka tuendelee na jambo lilo hilo, ila kwa mashine iliyo kubwa zaidi, yaani mashine ya kupigia chapa karatasi pana. Mafundi wa mjini huiita plota.

Labda utauliza, "Hiyo yatuhusu nini sisi watu wa kijijini?" Yatuhusu sana. Ramani ya kijiji iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya mtendaji, michoro ya zahanati au ya darasa jipya, na tangazo kubwa la sherehe linalofungwa katikati ya miti miwili, vyote hutoka katika mashine hii au katika ndugu zake. Tena vijana wetu wengi wafanya kazi katika maduka ya chapa huko mijini, na wengine wamechanga fedha wakanunua mashine kuukuu ili wajitegemee. Fedha hizo zilitoka kwa wazazi, yaani katika mahindi na kahawa iliyouzwa.

Sasa, mashine ikiharibika huitwa fundi. Hilo ni sawa. Shida huja kesho yake. Fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake, mashine yawashwa, na tazama, ule ugonjwa wa kwanza umepona lakini umezuka mwingine. Kigari chagonga ubavuni, au karatasi yaenda upande, au kioo kidogo chaandika namba ya hatari. Hapo wenye mashine hugawanyika. Mmoja asema fundi ni mwizi. Wa pili asema kifaa kipya ni cha bandia. Wa tatu asema afadhali tuiuze tununue nyingine. Basi fedha imo hatarini, na ushirika wenyewe pia.

Kabla ya kusema neno lolote katika hayo, shika kanuni hii moja: kosa lililozaliwa baada ya matengenezo, litafute kwanza mahali mkono ulipopita. Jana halikuwapo, leo lipo, na kilichotokea katikati ni kule kufunguliwa na kufungwa. Mara nyingi hakuna kitu kikubwa kilichokufa. Ni kitu kidogo tu ambacho hakikurudi mahali pake.

Mashine yenyewe ilivyo

Tuchukue mfano mmoja tunaoweza kuufuata hatua kwa hatua, nao ni mashine ya HP DesignJet 500, inayojulikana na mafundi wengi. Ilitengenezwa kwa upana wa namna mbili, inchi 24 na inchi 42. Inchi 42 ni karibu milimeta 1,067, kwa hiyo karatasi ya A0, ambayo ina milimeta 841 kwa 1,189, hupita ndani yake bila taabu.

Ndani yake kuna kigari kinachobeba vichwa vya wino. Kigari hicho hupita juu ya reli kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi. Kinavutwa na mkanda wenye meno, nao mkanda huzungushwa na mota. Lakini kigari kitajuaje mahali kilipo? Nyuma yake umepita utepe mwembamba wa plastiki, ulionyoka toka ubavu mmoja wa mashine hata wa pili, wenye mistari midogo mno. Kigari kina jicho la umeme linalohesabu mistari hiyo, kama msafiri anavyohesabu nguzo za simu kando ya barabara ili ajue amefika wapi.

Kazi ya pili ni kuisogeza karatasi mbele. Hiyo hufanywa na rola ndefu iliyo chini, pamoja na vigurudumu vidogo vinavyoibana karatasi kutoka juu. Basi, kumbuka kuna njia mbili: njia ya kigari kwenda kulia na kushoto, na njia ya karatasi kwenda mbele. Ukionapo kosa, jiulize kwanza limo katika njia gani. Swali hilo peke yake lapunguza kazi nusu.

Ugonjwa mmoja unaojulikana sana katika mashine hizo zikiwa kuukuu ni wa mkanda. Mkanda huzeeka hata kama mashine haifanyi kazi nyingi. Joto na unyevu huulainisha, hunata, kisha humeguka vipande vipande. Fundi huja, huvua kifuniko, hutoa utepe, hutoa mkanda wa zamani, hutia mpya, hurudisha utepe, hufunga. Katika safari hiyo mikono yake imegusa vitu vingi kuliko ule mkanda tu. Hivyo ndivyo vya kuchungulia.

Zima, chomoa, sukuma

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote. Zima mashine, kisha uchomoe plagi ukutani. Usitosheke na kubonyeza swichi ya mbele. Vua saa na cheni ya shingoni, kunja mikono ya shati, na mama au binti ajifunge kanga vizuri. Kigari kikianza kwenda ghafula hakina huruma.

Sasa kishike kigari, ukisukume taratibu toka upande mmoja hata wa pili. Nasema taratibu, kwa sababu mota inayozungushwa kwa mkono yaweza kuzaa umeme. Ikiwa kigari kimelala pale vichwa vinapofunikwa visikauke, wala hakitaki kutoka, usikivute kwa nguvu. Mngoje fundi akuonyeshe njia ya kukitoa. Tena ukikwisha kukitoa usikiache nje siku nzima, maana wino hukauka vichwani.

Kusukuma huko kutakupa jibu moja katika haya matatu.

Jibu la kwanza: kigari chaenda vizuri, lakini kila kikifika mahali pamoja kinakwama. Hapo kizuizi kipo palepale. Chukua tochi utazame. Huenda ni kipande cha karatasi, skrubu iliyoanguka, kipande cha mkanda wa zamani kilichonata relini, au kifuniko kilichopinda. Tazama pia kama skrubu ndefu imetiwa mahali pa fupi. Skrubu ya namna hiyo hupenya, ikatokeza ncha upande wa ndani, na kigari hujikwaa juu yake kila kinapopita. Kwa nje yaonekana safi kabisa.

Jibu la pili: kigari ni kizito safari nzima, toka mwanzo hata mwisho. Hapo usitafute kizuizi cha mahali pamoja. Tazama mkanda kama umekazwa kupita kiasi au umejisokota. Meno yake sharti yatazame ndani na kuuma meno ya puli, nao upite katikati ya puli bila kupanda ukingo. Kisha tazama reli. Vumbi lililochanganyika na mafuta ya zamani huwa kama ulimbo. Ifute kwa kitambaa safi. Usimimine mafuta ya kupikia wala oili ya pikipiki kama nilivyosikia wengine wakishauriana. Hukusanya vumbi, na baada ya muda mfupi mambo huwa mabaya kuliko kwanza.

Jibu la tatu: kwa mkono kigari ni chepesi, chateleza vizuri pande zote, lakini mashine ikiwashwa chakimbia na kugonga ubavu, au chatetemeka na kusimama. Hilo huwashangaza watu, nao husema mota imekufa. Polepole, ndugu yangu. Kigari kinachoweza kukimbia hata kugonga kina mota yenye nguvu. Kilichopotea ni hesabu. Msafiri haoni nguzo zake, kwa hiyo hajui pa kusimama.

Katika DesignJet 500 kioo kidogo chaweza kuandika namba 86:01. Maana yake ni kwamba mwendo wa kigari umezuiwa au hauendi ipasavyo. Angalia, namba hiyo yataja njia ya kigari tu. Haisemi ni kitu gani katika njia hiyo. Wengi husoma namba wakaenda kununua kifaa cha thamani kubwa, kumbe namba iliwaonyesha mtaa tu, haikuwaonyesha nyumba.

Utepe na jicho lake

Katika jibu la tatu, anza na utepe. Utazame ukiwa umezima umeme. Je, wapita ndani ya ule mwanya wa jicho nyuma ya kigari, au umekaa nje yake? Fundi akiwa na haraka aweza kuurudisha pembeni ya mwanya, asitambue. Je, umenyoka na kushikwa barabara mwisho huu na mwisho ule, au umelegea kama kamba ya nguo? Je, una alama ya kidole chenye grisi? Alama moja tu yatosha kuficha mistari mingi, na hapo hesabu hupotea.

Kuusafisha, chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, ukilowanishe kidogo kwa maji safi, ukikamue, kisha uufute utepe polepole kwa urefu wake. Ukaushe kwa kitambaa kingine. Usitumie petroli, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Vitu hivyo vyaweza kuufanya utepe uwe na ukungu au kufuta mistari yake, na utepe uliofutika hautengenezeki tena.

Utepe ukiwa mzima na safi, utazame ule waya bapa unaokwenda kwenye kigari. Huo hubeba habari zote za jicho. Ukiwa umeingia nusu katika soketi yake, mashine yaweza kufanya kazi dakika tano kisha ikakataa, kwa kuwa kigari kikienda mbali waya huvutika. Umeme ukiwa umechomolewa, mwombe fundi autoe na kuurudisha hata ukae sawa.

Usisahau mirija ya wino. Mirija hiyo hufuatana na kigari, nayo ina mfereji wake maalumu. Ikirudishwa nje ya mfereji, hukwaruza kifuniko au hubanwa. Mrija ukibanwa, rangi moja hufifia, na mwenye mashine hukimbilia kununua wino mpya. Wino ni ghali sana. Kabla hujaununua, jiulize: rangi hii ilififia tangu lini? Ikiwa ilififia tangu siku ya matengenezo, basi tazama mrija kwanza.

Karatasi ikienda upande

Yote tuliyosema ni ya njia ya kigari. Ikiwa kigari chaenda vema lakini karatasi yajikunja au yaenda mshazari, uko katika njia ya pili. Tazama mpini unaoshusha vile vigurudumu vya kubana, kama umeshuka mpaka mwisho. Tazama kila kigurudumu kama chazunguka. Kimoja kikikwama, upande huo wa karatasi hubaki nyuma, na karatasi hupinda kama mkokoteni uliofungwa gurudumu moja. Tazama pia kama roli la karatasi limekaa sawa na kukazwa vizuri.

Kisha tazama sakafu. Mashine ikiwa ilibebwa kupelekwa kwa fundi na kurudishwa, huenda sasa imesimama mahali pasipo sawa. Mashine ndefu ikisimama vibaya hujinyonga kidogo, na kidogo hicho chatosha.

Kitu kimoja kwa mara moja

Nimesema vitu vingi vya kutazama. Kutazama ni bure, tazama vyote. Lakini ukianza kugeuza, geuza kimoja, ujaribu, uandike, ndipo uende kwa cha pili. Ukigeuza vitatu pamoja na mashine ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya, na safari nyingine utalipia vyote vitatu. Ikizidi kuumwa, hutajua ni kipi kilichoiumiza.

Tena kuna mambo ambayo si yako. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona wino umemwagikia sehemu za umeme, chomoa plagi na usiguse tena. Kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani usikifungue kabisa. Ndani yake mna vitu vinavyotunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, navyo vyaweza kukupiga vibaya.

Uzuri wa chapa si ukweli wa chapa

Sasa mashine yaenda vizuri, haigongi, karatasi yanyoka, rangi zapendeza. Watu hupiga makofi. Mimi nasema bado. Chukua rula ndefu ya chuma.

Nitakuambia kwa nini. Ramani hupigwa kwa kipimo. Tuseme ramani ya shamba imepigwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500. Hapo milimeta moja juu ya karatasi ni meta mbili na nusu juu ya ardhi. Mashine iliyotoka kufunguliwa yaweza kuvuta karatasi kidogo zaidi au kidogo pungufu, hata mstari uliotakiwa kuwa na milimeta 1,000 ukatoka na milimeta 1,004. Hakuna jicho la mtu litakaloiona tofauti hiyo. Lakini milimeta nne katika kipimo kile ni meta kumi. Meta kumi ni mahali pa kujenga nyumba. Ni mistari mingi ya mahindi.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hapa Tanzania mambo ya mipaka na hati za ardhi kijijini yamekuwa mambo ya karatasi kuliko zamani. Ni kweli kwamba jiwe la mpaka halihami kwa sababu ya karatasi. Lakini ugomvi wa ndugu waweza kuanza na karatasi, mmoja akipima ramani kwa rula na kusema, "Mwanzi huu uko kwangu." Kijana aliyepiga chapa yuko mjini, hajui kama mkono wake umewagombanisha baba zake wadogo.

Kwa hiyo, kila baada ya matengenezo, agiza mashine ipige mstari wa milimeta 800 kwa upana, na mwingine wa milimeta 1,000 kwa urefu. Ikiwa ni mashine ya inchi 24, mstari wa upana uwe wa milimeta 500. Pima yote miwili. Wa upana ukikosea, kosa limo katika njia ya kigari na utepe wake. Wa urefu ukikosea, kosa limo katika rola na karatasi. Mashine nyingi zina njia ya kusahihisha mwendo wa karatasi katika maagizo yake, na fundi aijua. Karatasi nayo huvimba ikinyonya unyevu, hasa wakati wa masika, kwa hiyo roli la kujaribia liwe limekaa chumbani pamoja na mashine tangu jana yake.

Fundi na daftari

Mwisho nataka kusema juu ya fundi. Kanuni yetu yasema tutafute mahali mkono ulipopita. Haisemi tuutukane mkono. Fundi aliyebadili mkanda amefanya kazi ngumu, naye akiitwa kwa matusi hatakuambia alichogusa. Akiitwa kwa heshima atakuambia yote. Mwambie, "Shikamoo fundi, mkanda wako wavuta vizuri. Ila kigari chagonga kulia, nacho kwa mkono ni chepesi. Je, utepe uliutoa?" Fundi akisikia maneno hayo atajua anazungumza na mtu aliyetazama, na huenda kazi ya siku mbili ikamalizika kwa robo saa.

Afadhali zaidi ni kufanya mambo haya kabla hajaondoka. Mwombe akupe kifaa cha zamani alichokitoa. Mwombe awashe mashine mbele yako na kupiga chapa karatasi moja nzima. Pimeni pamoja ile mistari. Kisha fungueni daftari muandike: tarehe, ugonjwa ulivyokuwa, kilichotolewa, kilichotiwa, vilivyofunguliwa njiani, skrubu zilizobaki kama zipo, na vipimo vilivyopatikana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mashine ni mali. Baada ya mwaka mmoja, fundi mwingine akija, daftari hilo litamweleza zaidi kuliko midomo ya watu watano.

Basi, wewe mzazi uliyechanga fedha, kijana wako akija likizo akakuambia mashine imetoka kwa fundi na kuharibika tena, usimjibu kwanza kwa kumpa fedha wala kwa kumgombeza. Muulize maswali matatu: Nini kilifunguliwa? Kigari kwa mkono ni chepesi au kizito? Mmepima kwa rula? Akishindwa kujibu, mrudishe akatazame. Akijibu yote matatu, msikilize vizuri, maana anaijua kazi yake.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaangalia betri za taa za jua na sababu zinazozifanya zife kabla ya wakati wake. Kwa herini.